Zima antivirasi kwanza

*Windows ya kukraki, apdeti zilizozimwa ili kuokoa bando, na flashi iliyopita steshenari: hizo ndizo njia kuu za virusi kuingia kwenye kompyuta zetu za nyumbani.*

Picha za harusi ziko palepale zilipokuwa, kwenye folda ileile, kwa idadi ileile. Ila kila moja imeota mkia wa herufi nne baada ya ".jpg", na ukiibofya haifunguki. Hesabu za duka zilizoandikwa kwenye Excel, vilevile. Tasnifu ya binti aliye mwaka wa tatu chuoni, vilevile. Na katika kila folda limezaliwa faili dogo la maandishi liitwalo _readme.txt.

Ukilifungua, linazungumza kwa upole. Linakwambia usihofu, mafaili yako yote yanaweza kurudi. Bei ni dola 980 za Marekani. Ukiwahi ndani ya saa 72 unapunguziwa nusu, unalipa 490. Wako tayari hata kukufungulia faili moja bure uamini kwamba ufunguo wanao, ila wanakuomba lisiwe na kitu cha thamani.

Laptopu ya namna hiyo ikifika kwenye meza ya fundi Kariakoo, baada ya shikamoo na marahaba swali huwa moja: "Mama, kuna mtu alishusha kitu kwenye hii mashine?" Jibu husitasita kidogo, kisha anatajwa kijana wa nyumbani. Alitaka gemu, au programu ya kuhariri picha, ile ya kulipia, akaipata bure mtandaoni. Maelekezo yalimwambia azime antivirasi kwanza. Akaizima.

Virusi hivyo watafiti wanaviita STOP, au Djvu, jina lililotokana na mkia uliobandikwa kwenye mafaili na mojawapo ya matoleo yake ya mwanzo. Havihangaiki na benki wala wizara. Soko lake ni watu wa nyumbani, na gari lake kuu ni programu zilizokrakiwa. Vinapokuwa kazini hufungua dirisha bandia linalofanana na la Windows Update, ili mwenye kompyuta akiona mashine inakuwa nzito aseme "inajisasisha hiyo" na kuiacha iendelee.

Oktoba 2019 kampuni ya Emsisoft ilitoa zana ya bure ya kufungua mafaili yaliyofungwa na matoleo 148 ya virusi hivyo. Ilikuwa nafuu kubwa, lakini ya nusu. Matoleo yaliyoanza kusambaa kuanzia Agosti mwaka huo yalikuwa yameshabadilisha namna ya kufunga, na hapo suala likawa la bahati. Virusi vikiwahi kuwasiliana na seva ya wenyewe, hupewa ufunguo wa kompyuta hiyo peke yake, na bila wao hakuna wa kukusaidia. Visipoipata seva, hutumia ufunguo wa akiba uliomo ndani yake, ambao wahanga wote wa toleo hilo wanachangia. Siku ufunguo huo ukipatikana, wote wanafunguliwa.

Kwa maneno mengine, aliyekuwa ameishiwa bando siku ile huenda ndiye atakayeziona tena picha zake.

## Kupiga Windows

Anayenunua kompyuta ya mtumba, iwe imetoka Uingereza au imepitia Dubai, hatua yake inayofuata ni kupigiwa Windows. Fundi ana flashi yake yenye toleo aliloliandaa kitambo. Ana Office yake. Ana pia akitiveta, kijiprogramu cha kuihadaa Windows iamini kwamba imelipiwa. Anaizima antivirasi, anaiendesha akitiveta, kisha anaiagiza antivirasi isiiguse kamwe folda ile, au anaiacha imezimwa moja kwa moja. Mteja anaondoka na mashine inayowaka vizuri.

Mafundi wana hoja zao, na si za kupuuzwa. Ya kwanza ni ya mfuko. Microsoft inauza Windows 11 ya nyumbani kwa dola 139. Mteja aliyekwisha kubishana nusu saa kuhusu bei ya laptopu yenyewe hawezi kuambiwa aongeze fedha hiyo juu yake. Akiambiwa, atavuka barabara aende kwa fundi mwingine.

Hoja ya pili ni ya kitaalamu. Wanasema antivirasi haikasirikii akitiveta kwa sababu ina madhara. Inaikasirikia kwa sababu inavunja leseni, ndiyo maana inaiandika kama zana ya udukuzi na si kirusi. Kwa baadhi ya akitiveta hilo ni kweli.

Tatizo ni kwamba hakuna anayeweza kuzitofautisha kwa macho. Desemba 2021 kampuni ya usalama ya Red Canary ilieleza jinsi kisakinishi bandia cha KMSPico, akitiveta maarufu kuliko zote, kilivyokuwa kikibeba CryptBot, programu ya kuiba nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari na fedha za kidijitali. Windows iliamilishwa kama ilivyoahidiwa. Mteja hakuona dosari yoyote.

Na zana ambayo ingemwonya ndiyo iliyotangulia kuzimwa.

Kuna jambo hapa ambalo linanishangaza kila ninapolifikiria. Laptopu nyingi za mtumba zinazouzwa Dar es Salaam ni za ofisini: HP EliteBook, Dell Latitude, Lenovo ThinkPad. Mashine hizi zilipotoka kiwandani zilikuwa zimelipiwa Windows, na tangu enzi za Windows 8 watengenezaji huuandika ufunguo wa leseni ndani ya bodi yenyewe. Diski ikibadilishwa, leseni inabaki. Ukisakinisha toleo safi lililoshushwa kwenye tovuti ya Microsoft, ukachagua daraja linalolingana na leseni ile (kwa mashine za ofisini mara nyingi ni Pro), Windows huutambua ufunguo na kujiamilisha mara tu inapopata intaneti.

> Mashine nyingi zilizotoka maofisini zimebeba leseni halali ndani ya bodi. Tunalipia kukraki kitu tulichokwisha kununua.

Fundi asiyelijua hilo anatumia akitiveta kwa mazoea. Anayelijua wakati mwingine anatumia akitiveta vilevile, kwa sababu flashi yake ina toleo moja tu na foleni ni ndefu.

Ukitaka kujua mashine yako ilifanywaje, fungua dirisha la amri, andika slmgr /xpr kisha bonyeza Enter. Kikitokea kisanduku kinachokutajia tarehe ya kuisha, kuna kitu ndani ya kompyuta kinachoiamilisha Windows upya kila baada ya muda. Kwenye kompyuta ya nyumbani tarehe hiyo haitakiwi kuwepo. Isipotokea usishangilie sana, kwani zipo akitiveta zisizoacha alama hiyo.

Na hata isiyoamilishwa kabisa ina nafuu kuliko iliyokrakiwa. Itakuwekea maandishi ya kukukumbusha pembeni mwa skrini na kukukatalia kubadilisha picha ya nyuma, lakini viraka vya usalama inaendelea kuvipokea.

## "Apdeti zinakula bando"

Muulize mtu yeyote anayetumia intaneti ya simu kwenye laptopu. Anaunganisha apakue barua pepe moja, anarudi kutazama salio, bando la wiki limeyeyuka. Windows ilikuwa ikijishushia yake kimyakimya. Siku hiyohiyo anamwomba fundi aizime apdeti, na fundi anaizima.

Lawama hii Microsoft inaistahili kwa kiasi fulani. Kila Jumanne ya pili ya mwezi hutoa viraka vya usalama, na mzigo wake hufika megabaiti mamia, wakati mwingine zaidi ya gigabaiti. Aliyeupanga utaratibu huo alikuwa na waya wa intaneti isiyopimwa ukutani.

Lakini tazama kilichotokea mwaka 2017. Machi 14 Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba tundu kwenye njia ambayo kompyuta za Windows huitumia kugawana mafaili. Aprili, kundi lililojiita Shadow Brokers likamwaga mtandaoni zana ya kulitumia tundu hilo, iliyotengenezwa na shirika la ujasusi la Marekani, NSA. Ijumaa ya Mei 12 ikaja WannaCry, kirusi cha kufunga mafaili na kudai fidia. Iliruka kutoka kompyuta hadi kompyuta bila mtu kubofya chochote, ikafika zaidi ya nchi 150, na hospitali za umma za Uingereza zikaahirisha matibabu.

Kiraka kilikuwa kimekaa karibu miezi miwili kikisubiri kusakinishwa. Wengi wa waliokumbwa walikuwa na Windows 7 iliyokuwa bado inahudumiwa. Ni vile tu hawakuwa wamesasisha.

Kwa mwenye bando la kupimwa, njia za katikati zipo. Ukiuweka mtandao wa simu yako katika hali ya kupimwa, Windows itapunguza kushusha vitu vikubwa bila ruhusa. Kisha usiku mmoja kwa mwezi, baada ya ile Jumanne ya pili, unaunganisha bando la usiku na kuiruhusu ifanye kazi yake. Nyumba yenye kompyuta mbili au tatu inaweza kuwasha kipengele cha Delivery Optimization: moja ikishashusha, nyingine zinachota kwake kupitia mtandao wa ndani. Sijui kwa nini mafundi hawakitangazi, maana kinaokoa fedha ya mteja waziwazi.

## Mashine zilizoachwa njiani

Oktoba 14, 2025 Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10, miaka kumi baada ya kuizindua Julai 2015. Kompyuta hazikuzimika, na wengi hata hawakujua siku hiyo imepita. Kilichokoma ni viraka.

Kuhamia Windows 11 si suala la kutaka tu. Inadai kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0 na prosesa ambayo, kwa upande wa Intel, ni ya kizazi cha nane au zaidi. Mstari huo unaipasua katikati biashara ya mtumba. EliteBook 840 G3 na G4 ziko nje; G5 iko ndani. Latitude 7480 nje, 7490 ndani. ThinkPad T470 nje, T480 ndani. Kwa sura zinafanana, na muuzaji atakwambia zote ni "kora ai faivu".

Wenye mashine za nje ya mstari walipewa muda wa ziada. Microsoft ilifungua mpango wa viraka vya nyongeza hadi Oktoba 13, 2026, kwa dola 30, au bila malipo kwa anayekubali kuihifadhi mipangilio ya kompyuta yake kwenye akaunti ya Microsoft. Kujiandikisha kunafanyika ndani ya ukurasa wa Windows Update wenyewe.

Mafundi wana njia yao: kwa kutumia programu iitwayo Rufus wanaiandaa flashi inayoruka masharti, na Windows 11 inakaa kwenye G3 bila kulalamika. Inafanya kazi. Ila Microsoft imesema wazi kwamba mashine za namna hiyo hazina haki ya kudai apdeti, kwa hiyo aliyewekewa ajue kuwa kinachomfikia leo kinaweza kisimfikie kesho. Kwa kompyuta ya kuandikia, kuvinjari na kutazama video, mimi ningejaribu Linux Mint kabla ya kuinunua mashine nyingine. Ni ya bure kihalali, na LibreOffice inafungua nyaraka nyingi za Word. Asiyeweza kuachana na programu mahususi za Windows, hii haimfai.

## Flashi ya steshenari

Nenda steshenari yoyote karibu na chuo, au na ofisi ya serikali, siku ya kazi. Kompyuta moja ya kuprintia, na flashi zinaingia na kutoka mchana kutwa: barua za maombi ya kazi, fomu za mkopo, vyeti vilivyoskaniwa. Kila flashi inaacha virusi na kuchukua vingine.

Mwaka 2023 watafiti wa Mandiant, kampuni ya usalama iliyo chini ya Google, walieleza wimbi la maambukizi ya programu ya kijasusi iitwayo Sogu, waliyoihusisha na wadukuzi wa China. Iliingia kwenye mashirika ya Ulaya na Marekani kupitia ofisi zao za Afrika, na njia ilikuwa flashi. Tanzania na Kenya zilitajwa miongoni mwa nchi yalikoanzia maambukizi, pamoja na Misri, Zimbabwe, Ghana na Madagascar. Sehemu walizozitaja kama vituo vya kusambazia zilikuwa maduka ya kuprinti na vibanda vya intaneti.

Wakubwa wa usalama huko ng'ambo waliiona flashi kama jambo la kale. Huku kwetu haijawahi kustaafu.

Namna inavyofanya kazi ni rahisi kuiona ukijua pa kutazama. Unachomeka flashi yako, unaifungua, na badala ya mafolda yako unakuta kitu kimoja tu: alama ya diski yenye jina la flashi ileile, na kimshale kidogo kwenye kona ya chini kushoto. Mafolda yako hayajafutwa. Yamefichwa. Kile kimshale maana yake hiyo ni njia ya mkato, na ukiibofya inafanya mambo mawili kwa mpigo: inaendesha kirusi, kisha inakufungulia folda yenye mafaili yako ili usishtuke. Unaprinti barua yako, unaondoka na shukrani.

Usikibofye. Washa mpangilio wa kuonyesha mafaili yaliyofichwa, chukua unachokihitaji, nyaraka peke yake, kisha iformati flashi. Zamani ilikuwa mbaya zaidi, kwani Windows ilikuwa ikiendesha yenyewe chochote kilichojiandika kwenye flashi. Microsoft iliizima tabia hiyo kwa sasisho la Februari 2011. Tangu hapo kirusi kinahitaji kidole chako.

Baadhi ya wenye steshenari wamehamia kupokea kazi kwa WhatsApp au barua pepe. Virusi vinapungua, lakini linazuka lingine. Nakala ya kitambulisho chako cha NIDA na cheti chako cha kidato cha nne vinabaki kwenye kompyuta ya watu, folda ya Downloads, mwaka mzima. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ila sijaona steshenari ambayo mteja anaambiwa faili lake litafutwa lini. Mwombe mhudumu alifute mbele yako, na kule kwenye Recycle Bin pia. Hakasiriki.

## Ya bure, ya kulipia, na ya kusafisha

Madukani bado zinauzwa antivirasi za kwenye boksi, na bado mteja huulizwa: unataka ipi? Swali lilikuwa na maana mwaka 2009. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, antivirasi kamili, Defender, inakuja ndani ya Windows yenyewe bila malipo. Kwa nyumba nyingi inatosha, sharti isizimwe na iwe inapata apdeti zake. Ina hata kipengele cha kuzikataza programu zisizojulikana zisiguse folda za nyaraka na picha, kilicholetwa Oktoba 2017 kwa ajili ya virusi vya kudai fidia hasa. Huja kikiwa kimezimwa. Kitafute kwenye Windows Security, sehemu ya kinga dhidi ya ransomware, ukiwashe. Kitakusumbua siku za mwanzo kikizuia hata programu zako halali, kisha utaziruhusu mojamoja.

Za bure za nje nazo zina gharama zake. Avast, iliyokuwa kwenye kompyuta za mamilioni ya watu, ilibainika kuuza kumbukumbu za tovuti ambazo wateja wake walitembelea, kupitia kampuni yake tanzu ya Jumpshot iliyofungwa mwaka 2020. Mwaka 2024 tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliiagiza ilipe dola milioni 16.5. Ilikuwa imewaahidi wateja kuwakinga dhidi ya wafuatiliaji.

Kuhusu programu za "kusafisha" kompyuta nina neno fupi. CCleaner ilikuwa mfalme wao. Kati ya Agosti 15 na Septemba 12, 2017, toleo rasmi, lililokuwa likishushwa kwenye tovuti ya wenyewe, lilikuwa limepandikizwa kirusi na wadukuzi walioingia kwenye mitambo ya watengenezaji. Lilisakinishwa kwenye kompyuta takriban milioni 2.27. Na kazi yenyewe ya kufuta mabaki ya registri haijawahi kuwa na faida ya maana. Ukitaka nafasi, Windows ina Storage Sense. Ukitaka kasi, ondoa programu usizozitumia na ubadilishe diski ya kuzunguka uweke SSD.

## "Thibitisha kwamba wewe si roboti"

Kila mtu ameuzoea ule ukurasa wa kuchagua picha za taa za barabarani. Tangu mwaka 2024 umesambaa ukurasa unaofanana nao, wenye masharti mapya: bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, kisha Ctrl na V, kisha Enter.

Isome polepole hiyo. Kitufe cha Windows na R kinafungua kisanduku cha kuendeshea amri. Ctrl na V inabandika kile ambacho ukurasa ule ulikwisha kukinakili bila wewe kujua. Enter inakiendesha. Mwenye kompyuta ameingiza kirusi kwa mkono wake, na antivirasi, ambayo kazi yake ni kutilia shaka mafaili yaliyoshushwa, mara nyingi haina faili la kulitilia shaka.

> Hakuna tovuti halali itakayokuomba ubonyeze Windows na R ili kuthibitisha kwamba u binadamu.

Kinachoingia kwa njia hiyo kwa kawaida hakifungi mafaili wala kudai dola. Ni programu za wizi wa siri, kama Lumma. Mei 2025 Microsoft, Europol na wenzao walipoivunja mitambo yake, Microsoft ilisema imebaini kompyuta za Windows zaidi ya 394,000 zilizoambukizwa katika miezi miwili tu, Machi 16 hadi Mei 16.

Inakomba nywila zilizohifadhiwa kwenye Chrome na vivinjari vingine, na inakomba pia vidakuzi, yaani vile vipande vya data vinavyoifanya Facebook ikukumbuke bila kukuuliza nywila kila siku. Mwizi akiviweka kwenye kompyuta yake, tovuti inamwona yeye ni wewe uliyekwisha kuingia. Namba ya uthibitisho kwenye simu yako haiulizwi kabisa.

Baada ya hapo ndugu na marafiki wanaanza kupokea ujumbe kutoka kwenye akaunti yako halisi. Shangazi ambaye amejifunza kuupuuza ule wa "ile pesa tuma kwenye namba hii" ukitoka kwa namba asiyoijua, atautii ukitoka kwako.

Ukihisi umefanya hivyo, kubadilisha nywila kwenye kompyuta ileile ni kumpelekea mwizi nywila mpya. Tumia simu au mashine nyingine, badilisha, kisha kwenye mipangilio ya kila akaunti chagua kuondoka kwenye vifaa vyote. Hiyo ndiyo inayoviua vile vidakuzi vilivyoibwa. Kompyuta yenyewe ipigwe Windows upya, kwa toleo safi.

## Umeme ulipokatika Ghana

Yote yaliyotangulia yanapunguza uwezekano. Hayaufuti. Kwa hiyo linabaki suala la nakala, na kisa kinacholieleza vizuri zaidi kimetokea barani kwetu.

Juni 27, 2017, wiki chache baada ya WannaCry, shambulio lililopewa jina la NotPetya lilianzia Ukraine, likipita kwenye sasisho la M.E.Doc, programu ya hesabu za kodi inayotumika sana nchini humo. Lilijifanya la kudai fidia, lakini halikuwa na ufunguo wa kumrudishia mtu chochote. Miongoni mwa walioangukiwa ni Maersk ya Denmark, mojawapo ya kampuni kubwa kabisa za meli za makontena duniani. Bandari zikasimama, malori yakapanga foleni.

Maersk ilikuwa na seva takriban 150 zinazobeba orodha kuu ya watumiaji na ruhusa zao, zikiwa zimeunganishwa ili kila moja iwe nakala ya nyingine. Mpango huo ulidhani seva moja au mbili zitaharibika. Zote ziliunganishwa, kwa hiyo zote zilifutwa ndani ya muda uleule.

Isipokuwa moja, Ghana. Mwandishi Andy Greenberg wa jarida la Wired ndiye aliyekisimulia kisa hiki mwaka 2018. Kabla ya shambulio umeme ulikuwa umekatika, seva ile ikazimika, na kirusi kilipopita hakikuikuta. Intaneti ya huko ilikuwa ndogo mno kuituma data ile, na wafanyakazi wa Ghana hawakuwa na viza ya Uingereza. Mmoja akasafiri hadi Nigeria na diski mkononi, akamkabidhi mwenzake uwanja wa ndege, naye akaipeleka London. Kampuni ikajengwa upya kutokea hapo: seva 4,000 na kompyuta 45,000 zilisakinishwa upya. Hasara ilikadiriwa kati ya dola milioni 250 na 300.

Kampuni yenye fedha zote zile iliokolewa na kukatika kwa umeme.

Nyumbani, diski ya nje iliyochomekwa siku zote haina tofauti na zile seva 149: STOP ikiingia, inaifunga nayo. Google Drive na OneDrive husawazisha, kwa hiyo mafaili yaliyofungwa yanapanda juu na kuchukua nafasi ya mazima. Huduma hizi huweka matoleo ya nyuma kwa muda, na mtu anaweza kuyarudisha akiwahi, kazi ambayo kwa picha elfu kadhaa inachosha. Lililo jepesi zaidi ni diski ya nje inayochomekwa mara moja kwa wiki, ikanakiliwa nyaraka na picha, ikachomolewa na kuwekwa kabatini. Mwenye uwezo awe na mbili, moja ikae kwa ndugu, kwa sababu mwizi wa laptopu huchukua na diski iliyo kando yake.

Mafundi wanaweza kuifanya hii kuwa biashara. Mteja anayelipia kupigwa Windows atalipia pia kuwekewa toleo safi, kuwashiwa Defender na kupangiwa nakala, akielezwa anachonunua. Wachache wameanza kuwauliza wateja kabla ya kuformati, "nyaraka zako umezihamisha?", na kuisubiri diski ije.

Nakala yenyewe ijaribiwe. Mara mojamoja ichomeke diski kwenye kompyuta nyingine, chagua faili lolote la zamani, lifungue, uone kama linafunguka.